Kiapo cha Ndugu Yangu

Hapa Manyoni watu hupenda kuniuliza, "Mwalimu, kaka yako aliyeko Marekani atarudi lini?" Mimi huona liko swali la kwanza kuliko hilo, nalo ni hili: atarudi akiwa mwenyeji ama mgeni? Maana mwaka huu ameniandikia kwamba ametimiza miaka inayotakiwa, na sasa aweza kuapa awe raia wa Marekani. Ataka shauri langu, kwa kuwa baba yetu hayupo tena, na shamba lake la mtama na alizeti nalilima mimi kwa ajili yetu sote.

Yafaa tujue jinsi sheria zilivyo. Mmarekani akichukua uraia wa nchi nyingine, nchi yake haimfukuzi kwa sababu hiyo. Mwingereza naye amepata ruhusa hiyo kwa sheria ya mwaka 1948. Lakini Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimkubalii mtu mzima kuwa na uraia wa pili. Basi kiapo kile kina uzito mkubwa zaidi upande wetu: huko atapokewa, na huku atatoka.

Akitoka, akija kumwamkia mama itampasa kuwa na viza kama mgeni ye yote. Mwingereza hulipa dola 50 kwa kuingia mara moja. Mmarekani hutakiwa viza ya dola 100, itumikayo mwaka mmoja, wala hakai zaidi ya miezi mitatu kwa safari moja. Fedha hiyo si neno kubwa. Neno kubwa ni shamba, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka kwamba asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa kazi ya uwekezaji. Serikali imeanza kuwafikiria wenye asili ya Tanzania kwa hadhi maalumu. Walakini hadhi si uraia. Tena yuko binti yake, aliyezaliwa huko. Yeye ana uraia wa nchi zote mbili, lakini akitimiza miaka 18 atalazimika kuchagua mmoja.

Wako walaumuo sheria yetu kuwa ni kali. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 babu zetu walihesabiwa kuwa watu walindwao na Mwingereza, wala si raia wake. Walikuwa chini ya dari yake, wala nyumba haikuwa yao. Sistaajabu kwamba nchi iliyotoka katika hali ile ilitaka kila mtu aseme waziwazi yu wa nyumba ipi.

Nimemjibu kaka hivi: "Usiape kwa kufuata mshahara tu, wala usikatae kwa kuona haya mbele ya wazee. Hesabu utakachopata, kisha uhesabu na utakachoweka chini, na mtoto aambiwe mapema." Jibu lake sijalipata.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawakutuambia atarejea kwa hati gani. Ninyi wenye ndugu ng'ambo, waulizeni habari hiyo kabla ya kiapo, maana baada yake mashauri yenu hayatakuwa na kazi.