Kuandikia Watoto Kando ya Maporomoko

Hapa kwetu Kisangani, ukisema neno "mwandishi", watu wengi wanafikiri juu ya karani wa komini, au mwandishi wa habari wa redio, au profesa wa chuo kikuu mwenye miwani. Mwandishi wa vitabu vya watoto, huyo hakuna anayemfikiria. Watu wanasema kwamba mtoto anahitaji kaye, biki, nguo ya masomo na chakula. Hadisi zitakuja zenyewe, kama mvua.

Hata hivyo mji wetu ulikwisha kuzaa mtu wa kazi hiyo. Barly Baruti, mchoraji wa hadithi za picha anayejulikana mpaka Ulaya, alizaliwa hapa mwaka 1959, wakati mji ulikuwa ungali ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1990 yeye na wenzake walianzisha Kinshasa atelieri iliyoitwa ACRIA, ili vijana wajifunze kuchora. Mwaka 2014 alitoa pamoja na Christophe Cassiau-Haurie kitabu Madame Livingstone, juu ya Vita Kuu ya Kwanza upande wa ziwa Tanganyika. Na wazazi wa kizazi chetu wanamkumbuka Zamenga Batukezanga, aliyeaga dunia mwaka 2000: vitabu vyake vidogo, vilivyoandikwa kwa Kifaransa chepesi, vilipita mkono kwa mkono katika kalasi mpaka kurasa zikaanza kuanguka.

Sisi hatuna jina kama lao. Sisi ni mwalimu wa sekondari, mwenye diploma ya ualimu, na kwa miaka 12 sasa tunaandikia watoto hadisi fupi za kurasa nane au kumi na mbili. Hazina mchapishaji. Tunazipeleka kwenye fotokopi, tunazipiga pini mbili katikati, na kitabu kimekwisha. Tumeombwa tueleze hapa maisha ya kazi hiyo, nasi tunaeleza jinsi yalivyo.

Siku yetu inaanza kama ya mwalimu yeyote. Asubuhi mapema tunatoka Mangobo kwenda Makiso. Zamani tulipanda toleka, ile baiskeli yenye kiti cha nyuma kilichowekwa mto. Siku hizi mapikipiki yamezifukuza toleka nyingi barabarani. Toleka ilikuwa chuo kizuri cha hadisi, kwani mwenye kukanyaga alikuwa na pumzi ya kusimulia. Wa pikipiki hasikiki. Mchana tunafundisha, tunasahihisha kaye, tunasikiliza wazazi. Jioni, chakula kikiisha, lituma na samaki siku ya heri, tunakaa barazani na kuandika. Umeme ukikatika tunaandika kwa taa ya kuchaji, na taa ikizimika tunasimulia kwa mdomo kwa watoto wa nyumba za jirani. Hapo ndipo tunajua kama hadisi iko nzuri. Mtoto hana adabu ya kusikiliza kitu kibaya: anasimama na kwenda kucheza.

Shida yetu ya kila jioni ni lugha. Katika mji wetu watoto wanaongea Kiswahili na Lingala, mara nyingi katika sentensi moja, na nyumbani kuna koko anayeongea Kilokele, Kigenia, Kitopoke au Kimbole. Tukiandika Kiswahili cha vitabu vya Tanzania, watoto wanacheka. Siku moja tuliandika "watoto hawapo nyumbani". Mvulana mmoja alisoma kwa sauti, akasimama, akauliza: "Mama Mwalimu, hii Kiswahili iko ya wapi? Siye tunasemaka batoto habako ku nyumba." Ni kweli, wanasema vile. Basi tumeweka sheria yetu: msimulizi anaongea Kiswahili safi, ili mtoto ajifunze, lakini watu na nyama wa ndani ya hadisi wanaongea kama watu wa Kisangani. Mboloko akimdanganya chui, amdanganye kwa lugha ya sokoni. Waalimu wenzetu wengine hawapendi. Tunawajibu kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha zetu za taifa na lugha za mazingira ya mtoto ziingie katika mafundisho. Sasa zikiingia kalasini bila kitabu cha kusoma, zitafanya nini mle?

Kuhusu sherehe za vitabu, msomaji asifikiri meza yenye kitambaa cheupe na wapiga picha. Sherehe yetu inafanyika Jumamosi, siku ya posho, chini ya mwembe, mara nane au tisa kwa mwaka. Tunajaribu kutosahau tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya vitabu vya watoto, na tarehe 23 Aprili, siku ya vitabu vyote. Watoto wanakuja na viti vidogo na madumu ya kukalia. Nakala zetu ni kama 15, watoto ni 60 au zaidi. Tangu masomo ya msingi ya serikali yalipofanywa bure mwaka 2019, kalasi zimejaa, na mwembe wetu vilevile. Kwa hiyo hatugawi vitabu kwa mtoto mmoja mmoja. Tunawapanga wanne wanne, mmoja anasoma, mmoja anaonyesha kwa kidole, wawili wanaangalia kama msomaji haruki neno. Kisha wanabadilishana.

Jumamosi tunayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyopata kitabu cha Dominique Mwankumi. Huyu ni mzaliwa wa upande wa Bandundu, alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Kinshasa, na vitabu vyake vya picha vinachapishwa Paris na l'École des loisirs. Mwaka 1999 alitoa Prince de la rue, juu ya mtoto wa barabara wa Kinshasa anayetengeneza vitu vya kuchezea kwa mikebe. Mwaka 2000 alitoa Les petits acrobates du fleuve, juu ya watoto wanaofuata meli kubwa ya mto kwa mitumbwi. Na kingine kinaitwa Wagenia, juu ya wavuvi wetu wa hapa hapa. Mwalimu mmoja alikuwa ametuletea nakala moja kutoka safarini.

Tulipokifungua, kelele ilisimama. Watoto 60, kitabu kimoja, na katika kitabu ile miti yao ndani ya maji. Msichana mmoja wa upande wa Wagenia, ambaye huwa hasemi kitu, alikuja mbele bila kuitwa. Alianza kueleza picha kwa wenzake, kamba inafungwa namna gani, kikapu kinashushwa wakati gani. "Papa yangu anashikaka vile," alisema, "lakini yeye anatangulia kuangalia maji kwanza." Kifaransa cha kitabu kile kilikuwa kigumu kwake. Kitu chenyewe alikijua kuliko sisi waalimu wote. Siku ile alikuwa mwalimu wetu, na tangu siku ile anasoma kwa sauti bila kusukumwa.

Furaha yetu ilikuwa na uchungu ndani yake. Kitabu juu ya kazi ya baba yake kimechapishwa mbali, kwa lugha ambayo baba hasomi, na kwa bei ambayo sisi wenye mshahara hatuiwezi. Hatumlaumu mwandishi, tunamshukuru, kwani amefanya kazi ambayo sisi wakaaji wa mji hatukuifanya. Lakini je, tutangoja kila mara mtu wa mbali atuletee sura yetu?

Ndiyo maana matembezi yetu tunayoyapenda ni ya karibu, tena na watoto. La kwanza ni kwenda Wagenia. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yanapangana kwa kilomita kama 100 kutoka Ubundu, na la mwisho ndilo hili la kwetu. Kwa sababu meli haziwezi kupita pale, reli ya Ubundu mpaka Kisangani, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Pale wavuvi wanasimika miti mikubwa katika mashimo ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, na kuning'iniza vikapu virefu vyenye mdomo mpana. Maji yenyewe ndiyo yanamsukuma samaki ndani, na nguvu ile ile inamzuia kutoka. Tunawaambia watoto waandike mistari mitatu tu juu ya walichosikia, si walichoona. Mmoja aliandika kwamba pale maji hayalali hata usiku.

Matembezi ya pili ni kwenye maporomoko ya mto Tshopo, karibu na bwawa la umeme. Ya tatu ni kuvuka mto kwa mtumbwi mpaka Lubunga. Ya nne, mara moja kwa mwaka tukipata nauli, ni kushuka mto mpaka Yakusu, kwa Walokele. Kule mmisionari John Carrington, aliyekuwa pia mwalimu, alijifunza lugha ya ngoma, na mwaka 1949 akatoa kitabu chake juu ya ngoma zinazoongea. Alieleza jambo ambalo wazee wetu walilijua tangu zamani: ngoma ya mti ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana kwa sauti hizo. Basi mpigaji haongei neno moja peke yake. Anapiga usemi mrefu, ili asikiaji asichanganye. Watoto wanapenda mchezo huo sana. Tunawapa neno "mwezi" au "nyumba", nao wanatafuta usemi mrefu wa kulitaja. Hakuna somo la kuandika lililotusaidia kuliko hilo.

Tunafika sasa kwenye sababu yenyewe ya kuandika. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa. Sisi tulikuwa bado mwanafunzi, na tulilala siku zile katika kolidori ya nyumba, watoto kumi na mmoja na koko wetu. Mabomu yalipoanguka karibu, koko alisimulia hadisi ya mboloko na chui. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa Kilokele, na watoto walimwitikia kwa sauti ya chini, bila hata kufahamu maneno yote. Alisimulia hadisi ile ile kila usiku, kwa sababu wadogo hawakutaka nyingine.

Koko alifariki miaka mitano baadaye. Tulipoanza kuandika, hadisi yake ilikuwa ya kwanza. Safari ya mboloko tuliikumbuka yote, na ujanja wake, na aibu ya chui. Wimbo haukurudi. Tuliuliza mashangazi watatu, kila mmoja alituimbia wake, nao walibishana. Kwa hiyo katika kitabu chetu kidogo, mahali pa wimbo tuliacha nafasi nyeupe ya mistari minne, na chini yake tukaandika: uliza nyumbani kwenu. Mpaka leo watoto saba wameleta nyimbo za kuweka pale, kwa Kilokele, Kigenia, Kimbole na Lingala. Hakuna hata moja iliyo ile ya koko. Lakini nyimbo saba zimeandikwa, pamoja na majina ya wakoko waliozitoa, na wawili kati ya wakoko hao hawapo tena.

Ndugu msomaji, wewe unayeshika kijitabu hiki unajua kusoma na kuandika, na pengine nyumbani kwako kuna mzee anayelala mapema kwa sababu hakuna anayemwuliza kitu. Mwulize hadisi moja, wiki hii. Iandike jinsi anavyoisema, kwa lugha yake, usiitengeneze. Andika jina lake, kijiji chake na mwaka. Kama kuna wimbo, anza na wimbo, kwani ndio unaotangulia kupotea. Kisha uisome mbele ya watoto, hata kama ni watano tu, hata kama kitabu ni kaye ya kurasa 48.