Mnyoo wa Chambo na Riziki Yetu

Katika viumbe vyote vya pwani yetu hakuna adharauliwaye kama mnyoo. Samaki husifiwa sokoni, kaa hutiwa mchuzini, hata kombe likiisha kuliwa ganda lake huwekwa kuwa pambo. Lakini mnyoo hatajwi ila mtu akikosa chambo. Mimi nimezaliwa na kukulia kando ya mkono wa bahari wa Mida, karibu na Watamu, na tangu utoto wangu nimevua kwa mshipi. Naomba nafasi kidogo katika ukurasa huu nimtetee mnyoo, kwa kuwa naona heshima yake na riziki yetu ni jambo moja.

Kwanza tumjue tunayemsema. Huyu si mchango wa tumboni, wala si nyungunyungu wa shambani, ingawa huyo wa shambani ni jamaa yake. Mwili wa mnyoo wa baharini umegawanyika pingili pingili kama mua, na ubavuni mwa kila pingili mna vijiguu viwili, kimoja kuume na kimoja kushoto, vyenye nywele ngumu. Kwa nywele hizo hutambaa, na kwa nywele hizo hujishikilia shimoni mwake ndege anapomvuta kwa mdomo. Wataalamu walimpa jina la Kiyunani lenye maana ya “nywele nyingi”, nao wamekwisha kuandika aina zaidi ya 10,000 duniani. Wako wadogo wasioonekana ila kwa hadubini, na wako warefu kupita mtu: mwaka 2009, katika bandari ya Shirahama huko Japani, alipatikana mmoja amejificha ndani ya chelezo, na alipopimwa urefu wake ulikuwa sentimita 299.

Mtu akishuka pwani siku ya bamvua, maji yakiisha kupwa, aweza kupita katika miji yao mmoja baada ya mwingine. Mji wa kwanza ni tope la mikoko. Humo hukaa mnyoo wetu wa chambo, mwenye mashavu mekundu kama nyuzi mgongoni mwake. Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Peters, ndiye aliyemwandika kwanza mwaka 1854, baada ya safari yake ya Msumbiji, na kwa sababu hiyo jina lake la kitaalamu lina neno Msumbiji ndani yake mpaka leo.

Mji wa pili ni mchanga na majani ya bahari. Hapo wapo mafundi wa nyumba. Mmoja hujijengea mrija kwa ute wake, kisha akaubandika vipande vya makombe na majani makavu, hata mpita njia akadhani ni takataka zilizoletwa na maji. Mji wa tatu ni mwamba na matumbawe. Huko yuko yule achomozaye vishada viwili vya rangi, vya buluu, au vya manjano, au vyekundu, kama miti midogo iliyopambwa. Ukimpitishia kivuli cha mkono wako tu, huzama ndani ya jiwe mara moja. Chini ya mawe yuko ndugu yake mkali, mwenye nywele nyeupe zinazovunjika ngozini na kuwasha kama moto. Aliyemgusa asijisugue, bali azing’oe zile nywele kwa plasta yenye gundi. Hata mwilini mwa jongoo bahari mna mnyoo mwenye magamba, aliyefanana rangi na mwenyeji wake hata ni kazi kumwona.

Katika miaka ya 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya viumbe vya bahari katika Unguja na katika pwani ya nchi iliyoitwa wakati ule Afrika ya Mashariki ya Kiingereza, kisha akaandika habari za minyoo hawa katika majarida ya wataalamu wa London. Nikifikiri habari hiyo, huona ajabu. Mtu alitoka mbali kuja kuwahesabu, na sisi tuwakanyagao kila kukicha hatuna hata haja ya kuuliza wafanya nini. Wahenga walisema kweli: asiyekujua hakuthamini.

Basi kazi yao ni nini? Chimba tope la mikoko kiasi cha shubiri moja, utaona jeusi, lenye harufu ya yai viza. Ni kwa sababu hewa haifiki huko. Mnyoo atobolapo njia yake huvuta maji kutoka juu yakapita shimoni, na maji hayo huchukua hewa hata chini. Tena hula majani yaliyooza na uchafu mwingine, akaugeuza kuwa nyama yake; na nyama hiyo ndiyo posho ya kaa, ya samaki, na ya ndege. Wale vitwitwi tuwaonao kwa makundi wakidonoa tope la Mida, wako miongoni mwao waliotoka Siberia walikoangulia makinda yao. Hawakusafiri mwendo ule wote kuja kutazama mikoko. Wamekuja kula.

Tena minyoo wengine wana kalenda. Katika visiwa vya Samoa, kila mwaka karibu na mwezi wa Oktoba au Novemba, mwezi wa mbinguni ukiwa umefika robo yake ya mwisho, minyoo wa matumbawe hukata nusu ya nyuma ya miili yao, na nusu hiyo iliyojaa mayai au mbegu huelea juu ya maji usiku. Wenyeji hungojea usiku huo kwa nyavu, wakawakusanya na kuwala kwa furaha. Nasi wavuvi twaishi kwa mwezi, kwa bamvua na maji mafu. Kumbe si sisi peke yetu.

Sasa nifikie neno langu. Siku hizi wachimbaji wa chambo wameongezeka. Hivi karibuni nilimkuta kijana mmoja akipindua tope kwa jembe chini ya mikoko, na nyuma yake mashimo yamefuatana wazi kama makaburi yaliyofukuliwa. Mizizi mingi ilikuwa imekatwa.

Akanisalimu, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona huyafukii mashimo?”

Akajibu bila ufidhuli, “Mzee, mimi nalipwa kwa kopo la minyoo, silipwi kwa shimo. Wadogo zangu wawili wako shule. Nikikaa kufukia, maji yatajaa sijapata kitu. Tena nikifukia mimi, kesho atakuja mwingine afukue.”

Nilinyamaza, kwa kuwa maneno yake yalikuwa na haki. Ni rahisi mzee aliyekwisha kulea watoto wake kumwambia kijana asichimbe. Walakini haki yake haizuii mkoko kufa. Mti uliokatwa mizizi huinama, na mche mchanga uliopinduliwa hauinuki tena. Na mikoko ikienda, tope huenda na maji. Tope likienda, mnyoo hana mji. Na yule kijana hana kazi, wala mimi sina chambo. Huo si unabii, ni hesabu.

Kuna watu wasemao kwamba dawa ni askari na faini. Hifadhi ya bahari ya Watamu iliwekwa tangu mwaka 1968, nami nashukuru. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila mzizi wa mkoko kila maji yakipwa. Mimi naona lawama ya kwanza isianguke juu ya mchimbaji, bali ifike kwetu sisi wanunuzi. Sisi wavuvi ndio tulipao, na alipaye ana sauti. Hatumwulizi muuzaji amechimba wapi wala vipi. Twatazama kopo limejaa, basi.

Nashauri hivi. Wavuvi wa kila bandari ndogo wakutane na wachimbaji wao, wapatane mambo manne: kuchimba penye wazi, mbali na shina la mkoko, kufukia shimo kabla ya kuhamia jingine, kuwarudisha minyoo wadogo, na kupumzisha sehemu moja wakati nyingine inachimbwa. Na mvuvi naye akubali kuongeza bei ya kopo kwa mchimbaji ashikaye mapatano, kwa maana anampotezea muda wake, na muda wa maji kupwa ni mfupi. Hapo yule kijana hatakuwa na haja ya kuniambia kwamba halipwi kwa shimo.

Wenzangu mnaovua Mtwapa, Kilifi, Gazi na Vanga, nanyi mna tope na mikoko kama sisi. Ningependa kusikia kwenu mmepatana vipi na wachimbaji wenu, na kopo la chambo mwalinunua kwa kiasi gani.