Nani Mgeni wa Likasi?

Brussels

Ndugu zangu wa Likasi,

Mzee mmoja wa mtaa wenu wa Kikula ameniletea swali: ni lini vijana wetu watakoma kuhama, wakae kwao? Swali ni la haki, ila huko kwao nako kuna historia yake.

Mwanachuoni Ravenstein, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, alibainisha mwaka 1885 kwamba wahamaji walio wengi hawaendi mbali, na kwamba kila mkondo wa waendao huzaa mkondo wa warudio. Nayo Likasi yetu ya Katanga, iliyoitwa Jadotville zama za Wabelgiji, haikujazwa na Wasanga wenye ardhi peke yao, bali na watu walioletwa na kampuni ya madini ya Union Minière kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kisha Kasai na Ruanda-Urundi. Na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni, kwa kuchoshwa na vibarua wa muda mfupi walioondoka na ujuzi wao, ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wake na watoto, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi.

Basi aitwaye mwenyeji na aitwaye mgeni, kwa maoni yangu, huamuliwa na riziki kuliko udongo. Mwaka 1958, baada ya bei ya shaba kushuka na Wakasai kushinda katika uchaguzi wa mijini, kiliundwa chama cha Conakat kutetea waliojiita wenyeji halisi. Na Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipodhoofika, katika fitina za mwaka 1992 na 1993, maelfu ya Wakasai walifukuzwa, wakasongamana katika stesheni ya Likasi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Na huku Ubelgiji mambo ni yayo kwa yayo: serikali iliagana na Italia mwaka 1946 kupata wachimbaji wa makaa, ikaagana na Moroko na Uturuki mwaka 1964, kisha mwaka 1974 ikafunga mlango wa wafanyakazi wageni, hali watoto wao wamekwisha kuzaliwa hapa.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla ya kumwuliza mtu amefika lini, tuulize kwanza nani alimwita, na kwa faida ya nani. Kwani anayeita mikono ya watu hana haki ya kushangaa watu wenyewe wakifika.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni