Daftari la Mkufunzi wa Makoplo

Jumatatu, 3 Juni 2024
Makoplo wa kozi ya usajini wameripoti leo, buti zinang'aa, kila mmoja na kitanda chake na namba yake. Niliwauliza darasani: koplo ni nani? Wakajibu kwa sauti moja, "Msaidizi wa sajini, afande!" Jibu la gwaride hilo. Koplo ndiye mwenye sekisheni. Ana watu kama 10, na yeye ndiye anayejua nani hajalala, nani mkewe amejifungua, bunduki ya nani inakwama. Mipango ya majenerali wote huishia mikononi mwake. Kumpeleka mtu huyu shule si asante ya kutumikia miaka mingi. Ni kulinda roho za wale 10.

Alhamisi, 6 Juni
Ramani kutwa nzima. Ramani ya 1:50,000, sentimeta 2 ni kilomita 1 ya ardhi. Kugeuza nyuzi za dira wameshika upesi. Kontua ndizo zimewatoa jasho, kwa sababu zinamtaka mtu auone mlima kabla hajaufikia.

Yuko koplo mmoja aliyewahi kutumika Kongo, katika ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ambayo sisi Watanzania tuliingia mwaka 2013 pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Porini hakuna wa kumfikia. Mpe karatasi, ananyamaza. Jioni alinifuata. "Afande, kule doria niliongoza mimi, lakini ripoti zilitakiwa kwa Kiingereza, akaandika mwenzangu. Makao makuu wanamjua yeye." Hakuwa analalamika. Alitaka kujua aanzie wapi kusoma.

Jumapili, 9 Juni
Kesho nina somo la historia ya jeshi. Wapo wanaoliona somo la kupumzikia. Kwangu ndilo la kwanza.

Nitawaeleza Januari 1964, kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Askari wa Tanganyika Rifles waliasi wakitaka mambo mawili: mishahara, na maafisa Waafrika. Uhuru ulikuwa na zaidi ya miaka miwili, lakini amri za juu bado zilitolewa na Waingereza. Masajini wengi waliokuwa wakiliendesha jeshi la mkoloni kila siku walikuwa hawajafunguliwa mlango wa shule ya uafisa, na waliopita Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, kama Mirisho Sarakikya walikuwa wachache mno. Uasi ulikuwa kosa kubwa, na nchi iliingia katika aibu ya kuwaita makomando wa Kiingereza wauzime. Lakini askari asiyeona njia ya kupanda hawezi kuwa mtulivu daima. Mwalimu Nyerere aliivunja Tanganyika Rifles, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Nataka makoplo wajue kwamba darasa wanalokaa limetokana na deni lile la kuwanyima askari shule.

Jumatano, 19 Juni
Zoezi la kutoa amri, na leo nimeona nilichokuwa nakitafuta. Amri ina sehemu 5: hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, uongozi na mawasiliano. Wote wanaikariri. Nilichowapima ni kitu kingine. Kila sekisheni ilipokaribia shabaha nilimgusa kiongozi begani: "Umekufa. Lala."

Sekisheni ya kwanza ilisimama hapo hapo. Askari walitazamana, wakamtazama maiti wao, wakanitazama mimi. Walikuwa wameambiwa wapite wapi. Hawakuambiwa wanakwenda kufanya nini. Ya pili ilitawanyika. Ya tatu ilikuwa ya koplo wa Kongo. Kabla ya kuondoka aliwachorea mchangani daraja, barabara na kilima, akawaambia, "Tunakitaka kilima ili gari lolote lisivuke daraja. Nikianguka, kilima ni chenu." Nilipomlaza, askari mdogo kuliko wote alichukua uongozi, akabadili njia kwa sababu ya tope, akakifikia kilima.

Huo ndio uongozi, na unafundishika. Anayesema kiongozi huzaliwa hajawahi kuona sekisheni ya kwanza ikirudia zoezi saa mbili baadaye na kufaulu.

Ijumaa, 28 Juni
Ngazi ya afisa inaonekana tangu chini: chuo cha maafisa Monduli, kisha chuo cha ukamanda na unadhimu Duluti, kisha Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi. Siku hizi kuna wanaotoka Monduli na shahada ya sayansi ya kijeshi. Naifurahia kwa dhati. Ila namtakia koplo naye ngazi ndefu: lugha, kuandika, kompyuta, sheria za vita, na vyeti atakavyoweza kuombea kazi siku akivua sare. Askari aliyesoma hutii vizuri zaidi, maana anaelewa anachokitii.

Koplo wangu amefaulu. Nimemwandikia mkuu wa kikosi chake, kwa njia ya kiofisi, kumwombea ruhusa ya kusoma jioni ili afanye mtihani wa kidato cha 6 kama mtahiniwa wa kujitegemea. Barua inaondoka Jumatatu.