Meru na Embu: Jiwe la Mkoloni na Habari za Mbwaa

Mtu wa pwani akitaka kuona majengo ya kale haoni haja ya kupanda bara. Mombasa iko, Lamu iko, Gedi iko. Ndiyo sababu tulipowaarifu jamaa kwamba likizo ya watoto tutaipitisha Embu na Meru, tuliulizwa kama tumeanza biashara ya miraa. Kwa wengi wetu Meru ni mzigo unaofika kila siku umefungwa kwa majani ya mgomba, na Embu ni jina la kwenye taarifa ya habari. Tulikwenda hata hivyo, watu saba katika gari moja, bibi amekaa mbele na kopo lake la visheti.

Ukishavuka Mwea na majaruba yake ya mpunga, njia huanza kupanda na hewa hubadilika. Miji hii miwili haikukua kidogo kidogo kama yetu, kwa jahazi, soko na msikiti. Ilipandwa na serikali. Mwaka 1906 Waingereza waliwapiga vita Waembu, wakaweka kituo chao hapo. Muda si mrefu afisa mmoja, E. B. Horne, akapanda mpaka Meru akawa mkuu wa wilaya wa kwanza. Wameru walimpa jina la Kangangi, yaani mzururaji mdogo, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja. Embu ilipata hadhi yake kubwa baada ya uhuru, ilipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na hata leo ni mji wa maofisi kuliko mji wa kutazamwa. Tulilala usiku mmoja, tukaendelea.

Katikati ya njia ni Chuka, na hapo tulibahatika. Shule moja ilikuwa na sherehe, na wapiga ngoma wa Kichuka walikuwa uwanjani. Hubana ngoma ndefu katikati ya mapaja, wakainama nayo mbele na kuinuka, mwili mzima ukifuata mdundo. Tulioulelewa msondo wa kwetu tulisimama kando ya uzio zaidi ya saa nzima. Watu wa huko wamezoea kuchezea wageni wakubwa: Sikukuu ya Madaraka ya mwaka 2018 iliadhimishwa kitaifa Meru, uwanjani Kinoru, na ile ya 2023 ikawa Embu. Lakini siku ile hapakuwa na mgeni mkubwa, na ngoma ilikuwa tamu vilevile.

Mjini Meru jengo la kutazamwa ni la makumbusho. Lilijengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, na huhesabiwa kuwa jengo la mawe kongwe kuliko yote yaliyobaki mjini. Ukilipima kwa kipimo cha Lamu utalidharau: hakuna mlango wa nakshi, hakuna zidaka ukutani, hakuna daka. Binti yetu mdogo aliuliza wageni walikuwa wakikaa wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua. Nyumba ya Kiswahili huanza na daka, mahali pa kumketisha mtu kabla ya kujua shida yake. Ofisi ile haikujengwa kwa ajili ya wageni. Aliyeitwa pale aliitwa kulipa kodi ya nyumba au kuhukumiwa. (Iko pia hoteli ya mbao ya enzi hizo, Pig & Whistle. Bibi alipotafsiriwa jina hilo, kwamba lina nguruwe ndani yake, alikataa hata kuitazama.)

Nyuma ya makumbusho pana boma la Kimeru lililojengwa kwa desturi ya zamani, na hapo mzee mmoja alitukalisha chini akatusimulia asili ya watu wake. Walitoka, alisema, katika kisiwa kiitwacho Mbwaa. Wala si mnyama, aliongeza, watoto walipoanza kucheka. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, na neno la kwanza halikuhitaji mkalimani. Mabwana hao waliwapa amri zisizowezekana. Walete kiatu chenye manyoya pande zote mbili: wakakata ngozi ininginiayo shingoni mwa ng'ombe. Walete ndama mwenye kinyesi cheupe: wakamlisha maziwa matupu. Watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu: wakalijaza shimo maji, tunda likaelea. Mwishowe wakaamriwa wafue mkuki wa kufika mbinguni. Hapo hila ziliwaishia, wakatoroka. Walipofika kwenye maji kiongozi wao aliyapiga kwa fimbo, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa ukoo wa weusi, wa alfajiri wakawa wekundu, wa mchana wakawa weupe.

Watoto waliifurahia fimbo, maana kisa cha Nabii Musa wanakijua. Bibi, mzaliwa wa Lamu, aliuliza kisiwa hicho ni kipi. Mzee alisita kidogo, akajibu kwa adabu kwamba wapo wataalamu wanaokielekeza Manda.

Manda! Kisiwa tunachoshukia ndege tukienda Lamu. Chenye magofu ya Takwa, ambako watu wa Shela huenda kuomba mvua.

“Na hao Nguo Nyekundu ni akina nani?”

“Aghalabu husemwa ni Waarabu, mama. Lakini sisi tumerithi rangi ya nguo tu, hatukurithi majina.”

Ingekuwa rahisi kujitetea kwamba hizo ni hekaya, na kwamba miaka mia tatu na zaidi ni mingi. Huenda kisiwa chenyewe ni kingine. Ila utumwa wa pwani yetu si hekaya: sheria ya kuufuta kabisa katika mwambao huu ilitoka mwaka 1907 tu, mwaka mmoja baada ya Embu kutekwa. Na mabaki yake hayamo makumbushoni. Yamo sebuleni mwetu, posa inapoletwa na mtu mzima mmoja akainamisha sauti kuuliza asili ya kijana. Mwaka jana katika ukoo wetu posa moja ilivunjika kwa swali hilo. Bibi alikuwa miongoni mwa walioliuliza. Hatukumkumbusha, na hakuna aliyemtazama, lakini visheti vyote vilivyobaki katika kopo alimpa yule mzee.

Kesho yake tulipita Nchiru, penye jumba la baraza la wazee wa Njuri Ncheke. Tulilitazama kwa nje, maana haliingiwi ovyo. Baraza hilo lilikuwapo kabla ya Kangangi, na watu bado hulipelekea kesi za ardhi.

Mzee wa makumbusho alikuwa ametuomba jambo moja wakati wa kuagana. Hajapata kuiona bahari. Alitaka kujua kama ni kweli maji ya huko hupungua yenyewe mpaka mtu akatembea, na watoto wakamweleza kupwa na kujaa, na bamvua, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba picha ya mkondo wa Manda saa ya kupwa. Bibi ameshatazama mwandamo na kutuchagulia siku.