Kabambare: Mafuta ya uso yasiyoandikwa kitu

KABAMBARE – Siku ya soko, mama mmoja mkimbizi wa vita alisimama mbele ya meza ya muuza mafuta, franka 4,000 zikiwa zimefungwa katika pembe ya kikwembe chake. Pesa hizo alizipata kwa kulima shamba la watu siku mbili. Alikuwa amekuja kununua chumvi, sabuni na samaki wakavu kidogo. Alirudi nyumbani na chumvi, kipande kimoja cha sabuni ya uso na tyubu ndogo ya mafuta. Samaki hakuwaona.

Mama huyo ana miaka 34 na watoto wanne. Alikimbia kijiji chake upande wa Salamabila, na leo anaishi na watoto katika chumba kimoja cha familia iliyomupokea hapa Kabambare. Bwana yake alibaki kwenye mashimo ya dhahabu ili atafute chochote cha kutuma.

Alipokuwa msichana, uso wake ulikuwa laini. Chunusi zilianza baada ya kuzaa mtoto wa mwisho: kwanza kwenye kidevu, kisha kwenye mashavu, ngumu na zenye maumivu. Kila moja iliyokauka iliacha alama nyeusi. Pale alipozikamua kwa kucha, alama ilikuwa kubwa zaidi.

Mwenyewe angeweza kuvumilia. Kilichomuumiza ni maneno ya watu. Tangu mwaka 2024, wakati Shirika la Afya Ulimwenguni lilipotangaza mpox kuwa dharura ya ulimwengu, watu wengi wa kwetu wanaogopa kila kipele. Siku moja jirani alikuja kumutoa mtoto wake aliyekuwa amekaa kwenye mapaja ya mama huyo. Hakusema kitu, alimushika mtoto mkono tu na kwenda. Kwa mtu anayelala katika nyumba ya wengine, jambo kama lile ni zito. Mama hakuwa anatafuta weupe. Alitaka watu wasimukimbie.

Muuza mafuta alimwambia: «Dada yangu, siku saba tu, utarudi kunishukuru.»

Na kweli, siku saba zilitosha. Chunusi zilinywea, uso ukaanza kung'aa. Majirani walimusifu. Mdogo wake, msichana wa miaka 19 anayeishi naye, akaanza pia kuchota kidogo kila asubuhi: «Yaya, nipe na mimi.» Mtoto mchanga alipopata upele shingoni kwa sababu ya joto, walimupaka yeye pia.

Mwezi wa tatu barabara iliharibika kwa mvua, pikipiki za wachuuzi zikakawia, mafuta yakakosekana sokoni. Ndani ya siku kumi uso wa mama ukalipuka. Chunusi zilikuwa nyingi kuliko mwanzo, ngozi nyekundu yenye kuwaka kama imepakwa pilipili, na jua halikuvumilika tena. Mdogo wake alianza kuona mistari kwenye mapaja, kama ya mwanamke aliyezaa.

Mama hakwenda kwenye kituo cha afya kwa ajili yake. Alimupeleka mtoto kwa sababu ya homa. Muuguzi, ambaye watu wote wanamuita munganga, alimupima mtoto, kisha akamutazama mama usoni na kuuliza kwa sauti ya chini: «Mama, unapaka nini?»

Alikuwa na haya, lakini siku ya pili alileta tyubu na karatasi ya sabuni. Mdogo wake alikuwa amelitunza boksi la tyubu kwa kuwekea sindano na uzi, nalo likaletwa. Pale kwenye benchi ya kituo cha afya, wote watatu walisoma maandishi madogo ya Kifaransa.

Kwenye boksi kuliandikwa clobétasol. Munganga alieleza kwamba hiyo ni dawa kweli, na ni kali sana. Daktari anaweza kuiandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, kwa siku chache, na mara nyingi si kwa uso. Inazima uvimbe haraka, ndiyo sababu chunusi zinanywea na mtu anafikiri amepona. Lakini ikiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mistari inatokea, nywele zinaweza kuota usoni, na chunusi mpya zinakuja. Ukiiacha ghafla, ngozi inageuka kama ilivyougeuka uso wa mama. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, kwa maana ngozi yake inanywa dawa haraka.

Karatasi ya sabuni ilikuwa na neno mercure. Hapo mama alishtuka. Hakuhitaji kuelezwa zebaki ni nini. Bwana yake anaishika kila wiki, yale maji mazito ya kung'aa wachimbaji wanayotumia kukusanya dhahabu kabla ya kuichoma. Kule kwenye mashimo kila mtu amesikia kwamba moshi wake ni mbaya. Hakujua kwamba alikuwa anainunua sokoni na kujisugua nayo usoni. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza weusi wake, ndiyo maana wanaitia katika sabuni na mafuta ya kung'arisha. Inapita kwenye ngozi, inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaweza kumupitishia mtoto tumboni. Maji ya kunawia yanaipeleka tena mtoni.

Nchi zilizo katika Mapatano ya Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023, kule Geneva, kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe mwaka 2025. Lakini sokoni sabuni bado zinafika, nyingine hazina hata karatasi.

Munganga alitaja na neno la tatu ambalo halikuwa kwenye boksi hilo, lakini liko kwenye mengine mengi: hydroquinone. Afrika Kusini iliikataza katika vipodozi tangu mwaka 1990, kwa sababu madaktari wa kule waliona wanawake waliojipaka miaka mingi wakipata madoa ya bluu na nyeusi usoni, madoa ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2001. Rwanda, jirani yetu, ilianza mwisho wa mwaka 2018 kupita dukani na kuondoa mafuta ya namna hiyo. Mtu anapaka ili alama nyeusi ziishe, mwishoni anapata alama nyeusi zaidi.

Basi mtu mwenye chunusi na alama afanye nini hapa Kabambare? Mama aliuliza hivyo, kwa hasira kidogo, kwa sababu franka zake zilikuwa zimekwisha.

Jibu la kwanza halikumugharimu kitu. Anawe uso mara mbili kwa siku, kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo kali, bila kusugua kwa jiwe wala kwa kitambaa kigumu. Asikamue. Aache kupaka mafuta mazito usoni, yawe ya kokwa za ngazi yanayopikwa nyumbani au pomadi ya nywele inayoteremka kwenye paji. Mafuta hayo yanafaa miguu na mikono, lakini usoni yanaziba vitundu vya ngozi. Na ajikinge na jua, kwa sababu jua ndilo linalozidisha weusi wa alama: kofia, kikwembe kichwani, au mwavuli wakati wa kwenda shambani.

Jibu la pili ni dawa ya farmasi, kwa mtu mwenye uwezo wa kuipata au mwenye ndugu katika mji mkubwa. Kwa chunusi, dawa inayojulikana sana ni peroxyde de benzoyle, ya nguvu ndogo kwanza, 2.5 au 5 kwa mia, kidogo tu jioni. Inakausha ngozi na inapausha nguo, kwa hiyo uangalie kikwembe cha kulalia. Nyingine ni acide azélaïque, inayosaidia chunusi na alama kwa pamoja, na ambayo madaktari wanaikubali hata kwa mama mwenye mimba. Zile za jamii ya vitamini A, kama trétinoïne na adapalène, mwenye mimba asiziguse. Hakuna hata moja inayofanya kazi kwa siku saba. Chunusi zinaomba majuma sita hadi nane, alama zinaomba miezi.

Munganga alimuuliza pia kuhusu uzazi wa mpango. Kwa wanawake wengine, sindano au kijiti vinaweza kuongeza chunusi. Hiyo si sababu ya kuviacha ghafla bila kuongea na mtu wa afya, maana mimba isiyopangwa katika ukimbizi ni mzigo mwingine.

Na si kila doa ni la chunusi. Doa jeupe-jeupe ambalo ukiligusa na pamba husikii kitu linaweza kuwa ukoma, na dawa za ukoma zinatolewa bure. Kuwashwa kwa muda mrefu pamoja na mabaka kama ngozi ya chui kwenye miguu kunaweza kutoka kwa inzi wa mtoni, ndiyo sababu ya kumeza Mectizan wakati wagawaji wanapopita. Vipele vyenye homa na matezi yaliyovimba, hasa vikifika viganjani, vipelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Magonjwa haya yote, mafuta ya kung'arisha yanayaficha, au yanayazidisha.

Mama hakuambiwa aitupe tyubu usiku ule na kuteseka peke yake. Sabuni ya zebaki aliiacha siku hiyo, mtoto naye hakupakwa tena. Tyubu, munganga alimupangia namna ya kuipunguza pole pole, akamwambia arudi kila juma aangaliwe. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Alijifunika kitambaa na kukaa ndani. Aliyemusaidia ni mwenye nyumba, bibi mzee wa familia iliyomupokea. Siku moja alichukua mtoto mchanga wa mama huyo, akamubeba mgongoni mpaka kwa yule jirani, akaketi huko saa nzima wakiongea habari za mihogo. Hakutaja mpox. Jirani alielewa.

Leo, miezi mitano baadaye, chunusi zimepungua sana. Kwenye kidevu bado zinakuja tatu au nne wakati wa mwezi wake. Alama za mashavu zimefifia, hazijaisha. Mistari ya mdogo wake imebaki, na munganga hakumudanganya kwamba itapotea. Bwana alipofika kutoka mashimoni, alikatazwa kuingia chumbani na nguo zake za kazi. Sasa anazifua nje, mbali na watoto, kabla ya kumubeba mchanga.

Siku ya soko iliyopita mama alipita tena kwenye meza ile. Muuzaji alimuita: «Dada yangu, mafuta mapya yamefika.» Mama alichukua tyubu, akaigeuza nyuma, akatafuta maandishi. Hakukuwa na boksi wala orodha ya vitu vilivyomo, picha ya mwanamke tu. Aliirudisha mezani kwa heshima, akauliza bei ya sabuni ya kufulia, kisha akaenda upande wa samaki.