Ruhusa ya Mgonjwa

Neno ruhusa lina utamu mkubwa kwa mgonjwa. Aliyelala hospitali siku kumi, akisikia kuwa ameruhusiwa, huona taabu yake imekwisha. Lakini ruhusa si mwisho wa matibabu, ni makabidhiano. Kazi iliyokuwa ya muuguzi, ya kutoa dawa kwa saa yake na kuangalia dalili za hatari, siku hiyo huwekwa mikononi mwa mgonjwa na jamaa zake. Hati ya makabidhiano hayo aghalabu ni karatasi moja. Isipofahamika, kazi imekabidhiwa kwa mtu asiyejua amepokea nini.

Mzee mmoja wa mwambao aliugua shinikizo la damu, akalazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa. Karatasi yake iliandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wake aliisoma kadiri alivyoweza: jina la dawa, herufi OD, siku ya kurudi kliniki, na tarakimu 8:00.

"Nirudi saa ngapi, mjukuu wangu?"

"Saa nane, babu."

Siku ilipowadia, mzee alisali adhuhuri kisha akashika njia. Alikuta mlango umefungwa. Mwandishi wa karatasi alikusudia saa mbili asubuhi, kwa kuwa saa za Kiingereza huhesabiwa tangu usiku wa manane, na za Kiswahili tangu macheo. Kliniki ile ilikuwa ya mara moja kwa juma, na vidonge vya mzee vilikuwa vimekwisha. Alikaa siku saba bila dawa, na shinikizo likapanda tena. Daktari alikuwa mkweli kwa saa yake, na mjukuu kwa saa yake. Aliyeumia ni mzee.

Wala mkosi huu si wa wagonjwa peke yao. Herufi OD ni kifupi cha Kilatini chenye maana ya kila siku. Lakini kwa waganga wa macho, herufi hizo hizo ni jicho la kulia. Nchini Marekani, mwaka 2004, shirika la Joint Commission lilitoa orodha ya vifupi visivyofaa kuandikwa hospitalini. Miongoni mwake ni QD, yaani kila siku, na QOD, yaani kila baada ya siku moja, kwa kuwa hata wenye elimu walivichanganya. Basi kama kifupi humpoteza mtaalamu, kitamwongoza vipi mkulima?

Juma la pili mzee alimkuta muuguzi mwenye subira. Alimwamkia, akaandika karatasi mpya kwa Kiswahili: kidonge kimoja kila asubuhi; rudi Jumatatu saa 2 asubuhi; ukishikwa na maumivu ya kifua, au ukilegea upande mmoja wa mwili, usingoje kliniki, njoo mara moja. Kisha akasema, "Sasa nieleze mimi, babu, utakavyofanya nyumbani." Mzee alikosea mara moja, akasahihishwa, akapata.

Kazi hiyo ilichukua dakika chache. Hapana budi kukiri kwamba katika wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi haba, dakika chache ni mali. Lakini mgonjwa arudishwaye kitandani kwa kutofahamu karatasi yake hula siku nzima za wauguzi hao hao. Lugha ya mganga ina mahali pake katika majalada ya hospitali. Karatasi ya ruhusa huenda nyumbani, na yafaa iseme lugha ya nyumbani na kufuata saa ya nyumbani.